Bei Kikomo na Bei ya Kidumu

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi vijana wa bodaboda wa Muleba hunipigia simu kabla sijamaliza chai. Hawaulizi habari za Bunge wala za mpira. Swali lao ni moja tu: imepanda au imeshuka? Hiyo ndiyo siku ambayo EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kwa kila mji. Nami huwasomea mistari ya mkoa wetu: Bukoba, Muleba, Karagwe, Ngara, Kyerwa. Mara nyingi Kyerwa ndiyo inayoongoza kwa ughali nchini kote, na sisi wa Bukoba hatuko nyuma sana.

Kuhusu umbali sina ugomvi mkubwa. Petroli inayoshushwa bandarini Dar es Salaam husafiri takriban kilomita 1,400 kabla ya kufika Bukoba, na lori haliendeshwi kwa maji. Ugomvi wangu uko kwingine, na ili nieleweke inabidi turudi nyuma kidogo.

Wazee wetu walikutana na petroli ya bei mbaya mara mbili katika muongo mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, pale pipa la mafuta ghafi lilipotoka dola tatu hivi na kukaribia dola 12 katika miezi michache. Mara ya pili ilikuwa 1979, baada ya mapinduzi ya Iran. Mara hiyo ya pili mkoa huu ulikuwa na msiba wake. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia ardhi yetu Oktoba 1978 na kulivunja daraja la Kyaka, na malori na mabasi ya raia yakachukuliwa kwenda kubeba askari na zana. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukatoka vitani ukiwa na jina jipya la Kagera na matangi makavu.

Mimi sikuyaona hayo, nimesimuliwa. Mzee mmoja wa Kashai aliyekuwa dereva enzi hizo aliniambia, "Mwanangu, siku zile hatukuuliza bei, tuliuliza kama yapo." Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na aliyechelewa kutoka harusini alilala hukohuko. Bei ilikuwa ya Serikali, mwagizaji alikuwa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, na mafuta ghafi yalisafishwa katika kiwanda cha TIPER pale Kigamboni. Mnunuzi alijua wa kumlaumu. Kilichokosekana ni petroli yenyewe.

Mwaka 2000 soko likafunguliwa. Makampuni binafsi yakaruhusiwa kuagiza na kupanga bei, na TIPER ikaacha kusafisha mafuta. Tuliambiwa ushindani utashusha bei. Vituo viliongezeka kweli, hata huku kwetu, ingawa sisi bado twaviita vyote "sheli", iwe Shell ipo au haipo. Foleni zikaisha. Lakini sasa aliyepanga bei alikuwa mtu usiyemjua, na hesabu yake hukuiona.

Kipimo kilikuja 2008. Mwezi Julai mwaka ule pipa lilifika dola 147 katika soko la dunia, na bei kwenye pampu zetu ikapanda kama kima juu ya mti. Kufikia Desemba pipa lilikuwa limeporomoka hadi chini ya dola 40. Je, pampu nazo ziliporomoka? La hasha! Zilishuka kama kinyonga, hatua moja mbele na nyingine ya kufikiria. Makampuni yalisema bado yanauza shehena iliyonunuliwa kwa bei ya juu. Sababu hiyo ina ukweli wake, ila nashangaa kwamba wakati wa kupanda hakuna aliyekumbuka shehena ya zamani iliyonunuliwa kwa bei ya chini. Mwaka 2009 EWURA ikaanza kutangaza bei kikomo, na hapo mwananchi akapata kitu cha kushika mkononi.

Kuna waliotafuta njia nyingine. Kwa kuwa kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo, yalichanganywa kwenye dizeli na petroli na kuuzwa kwa bei ya mafuta hayo. Ndipo neno "uchakachuaji" lilipoenea nchi nzima. Serikali ikajibu katika bajeti ya 2011/12: ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Faida ya kuchanganya ilikatika, hilo nalikubali. Lakini mwenye karabai ya kuvulia dagaa huko Bumbire hakuwahi kuchakachua chochote, wala bibi mwenye kibatari kule Kamachumu. Wakalipa wao.

Mwaka huohuo, tarehe 3 Agosti, EWURA ilitangaza bei iliyoshuka. Makampuni yakagoma. Pampu zikafungwa, foleni za wazee wetu zikarudi, na Bunge likiwa Dodoma likawaka moto hadi Serikali ikatoa saa 24 mafuta yauzwe. Leseni ya BP ikasimamishwa kwa miezi mitatu. Na hapa ndipo penye kichekesho kichungu, maana nusu ya hisa za BP Tanzania ilikuwa mali ya Serikali yenyewe. Siku chache baadaye, katikati ya Agosti, bei mpya ikatangazwa, safari hii ikiwa imepanda.

Sisemi makampuni peke yake ndiyo yanayotukamua. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na mwaka 2023 ikaongeza 100 nyingine. Agosti 2022, vita vya Ukraine vikiendelea, lita ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,410, ingawa Serikali ilikuwa ikitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Bukoba tunalipa zaidi ya Dar es Salaam kila mwezi, ruzuku iwepo isiwepo.

Hata hivyo mwenye kununua kwenye pampu ana nafuu, kwa sababu tangazo linamlinda. Muuzaji akizidisha, aweza kushtakiwa. Ninaowafikiria ni wale wasiofika kwenye pampu. Katika visiwa vya Muleba petroli huvuka ziwa ndani ya madumu, na bei yake hupangwa na mwenye dumu. Vivyo hivyo vijijini, ambako lita huuzwa kwenye chupa ya maji juu ya meza ya mbao, jirani na jiko la mama ntilie. Miaka ya karibuni EWURA imelegeza masharti ili vituo vidogo vijengwe vijijini, na hatua hiyo ni njema. Kisiwani bado ni kidumu.

Mwezi uliopita nilikuwa mwaloni, nikamsomea mvuvi mmoja bei kikomo ya Muleba kutoka kwenye simu yangu. Alisikiliza kwa heshima zote, akaniomba nirudie tarakimu, kisha akauliza kama naweza kumsindikiza kwa mwenye madumu nikamsomee na yeye. Tulikwenda. Mwenye madumu naye alisikiliza kwa heshima zote, akamwambia mwenzangu, "Basi kanunue kwa huyo wa redio."