Urithi wa Runinga ya Chogo

Anayefungua mipangilio ya picha kwenye projekta ya nyumbani hukuta mwangaza, kontrasti, ukolezi wa rangi, tinti na gama, akadhani amewekewa chumvi na pilipili mezani, kila mlaji ajitilie apendavyo. Historia yake si hiyo. Vingi vya vitufe hivi vilizaliwa kama zana za matengenezo, na baadhi vimedumu kuliko ubovu viliokusudiwa kuurekebisha. Tinti ndiyo shahidi wa kwanza. Desemba 1953 Marekani iliidhinisha mfumo wa NTSC, uliopenyeza rangi ndani ya mawimbi ya runinga nyeusi na nyeupe ili seti za zamani zisitupwe. Humo, rangi kuwa nyekundu au kijani kulitegemea wimbi dogo la rangi limewahi au limechelewa kiasi gani. Likigonga jengo likachelewa kidogo tu, uso wa mtangazaji uligeuka kijani au zambarau, ndiyo maana mtazamaji akapewa kitufe cha kuurudishia ubinadamu wake. Mafundi wenyewe waliutania mfumo huo kwamba haukutoa rangi ileile mara mbili.

Dawa ilitoka kwa Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken. Katika mfumo wake wa PAL, ulioanza kurusha matangazo Ujerumani Magharibi mwaka 1967, sehemu ya ishara ya rangi hupinduliwa kila baada ya mstari, hivyo kosa la mstari mmoja hufutwa na la mstari unaofuata. Gharama yake ni rangi kufifia kidogo. Zanzibar ilipoanzisha runinga ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara ikisubiri hadi miaka ya 1990, ilitumia PAL. Antena mbovu ilileta chenga Unguja, lakini si nyuso za kijani. Leo kebo ya HDMI hubeba namba tupu, wala hakuna wimbi la kuchelewa, na tinti ingali pale pale kwenye menyu. Gama inashangaza zaidi. Kwenye runinga ya chogo, umeme wa picha ukiongezwa maradufu, mwanga huongezeka takriban mara tano; uhusiano huo ndio gama, kwa hiyo picha ilisahihishwa mapema kabla ya kurushwa. Vioo vidogo vya projekta za DLP, alivyovibuni Larry Hornbeck wa Texas Instruments mwaka 1987, havina tabia hiyo hata chembe. Hata hivyo projekta hulazimika kuiiga, kwa kuwa filamu bado huandaliwa kwa kufuata tabia ya chogo lililokwisha kufa.

Yupo atakayesema vitufe hivi bado vina kazi, maana sebule si studio: kuta nyeupe hurudisha mwanga, na taa huchakaa. Ni kweli, lakini hoja hiyo inaniunga mkono. Taa ya zebaki ina kijani kingi na nyekundu haba, kwa hiyo hali ya picha inayong'aa kuliko zote mara nyingi huelekea ukijani. Anayeirekebisha anatengeneza kasoro ya taa, hachagui ladha. Mwingine atasema macho ni yake na projekta kainunua mwenyewe. Sawa, ila majina ya vitufe humponza. Kile kiitwacho mwangaza hakiigusi taa, bali hupanga weusi uanzie wapi, kama kilivyofanya kwenye chogo. Akikipandisha ili apate picha angavu, usiku wa filamu unageuka kijivu, na taa inawaka vilevile.