Nani Anarudi Kumtazama Mgonjwa?

Asubuhi ya kliniki katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, huweza kukwama kwenye neno moja. Mama aliyekimbia Kivu, mashariki mwa Kongo, anasema mtoto ana homa. Mkenya akisikia hivyo huwaza mafua. Mtanzania huwaza mwili uliochemka. Mama huyu, kwa Kiswahili cha kwao, mara nyingi anamaanisha malaria. Nesi aliyekulia hapahapa wilayani Isingiro amezoea Kinyankole na Kiingereza, kwa hiyo katikati yao anasimama mkalimani, naye ni mkimbizi wa kambi hiyohiyo, pengine jirani wa huyo mama. Kwa dakika hizo chache nesi ameazima sikio la mtu mwingine. Siri ya mgonjwa, maelezo ya ugonjwa na ridhaa ya matibabu vyote vinapitia kwa kijana ambaye huenda hajawahi kukaa darasa la uuguzi hata siku moja.

Hapo ndipo ninapokiona kiini cha taaluma ya uuguzi: kumkabidhi mwingine kazi inayogusa mwili wa mtu, halafu kubaki unaijibia. Waswahili wana neno dhamana, nalo linatosha. Ukiweka ng'ombe wa mwenzako kwa jirani, jirani anachunga, lakini mwenye mali anakujua wewe. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953, zina mzizi huohuo: muuguzi huwajibika kwa kazi yake, na kumpa mtu kazi hakumfungulii mlango wa kujitoa.

Nchini Uganda simulizi hii ni ya zamani kuliko kanuni hizo. Mwaka 1897 daktari Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo katika jengo la udongo na nyasi. Katika msafara wake alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye akawa mke wake. Wagonjwa walifurika na mikono ilikuwa michache, ikabidi wenyeji wafundishwe. Mwaka 1921 Mengo ikawa na shule ya wakunga ya Lady Coryndon, na wasichana waliohitimu wakapelekwa vijijini, mbali na daktari yeyote. Akina Cook waliandika hata kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Nalihesabu hilo kuwa tendo la kimaadili kuliko hotuba nyingi. Anayemkabidhi mkunga uhai wa mama na mtoto anapaswa kwanza kumkabidhi maarifa, tena kwa lugha anayoiota usiku.

Miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Rais Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na madaktari wengi, wageni kwa wenyeji, wakaondoka miaka iliyofuata. Kazi ziliteremka zenyewe, kutoka kwa daktari kwenda kwa nesi, kutoka kwa nesi kwenda kwa msaidizi, kutoka kwa msaidizi kwenda kwa ndugu aliyelala chini ya kitanda cha mgonjwa. Hapakuwa na aliyekabidhi. Watu waliachiwa tu. Tofauti ya kukabidhi na kuachia ni pana, na wodi zetu zingali zikiilipia.

Mwaka 2000 tofauti hiyo ilionekana waziwazi. Ebola ilizuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwezi Oktoba, ikafika Masindi na hata Mbarara, huku kusini magharibi. Watu 425 waliugua, 224 wakafa. Katika hospitali ya Lacor, hukohuko Gulu, wauguzi walianza kufa mmoja baada ya mwingine, na waliobaki wakafika ukomo. Mganga mkuu, Matthew Lukwiya, alikuwa amewaomba waingie wodi ya karantini kwa hiari. Walipotaka kuacha aliwakusanya, akazungumza nao kwa muda mrefu, akasema yeye anabaki. Hawakuyaona kuwa maneno matupu, maana walikuwa wamemwona akivaa vazi la kinga na kuingia pamoja nao. Akaambukizwa alipokuwa akimhudumia muuguzi wake aliyekuwa mahututi, akafa tarehe 5 Desemba. Siwezi kuandika juu ya kukabidhi kazi katika uuguzi nikamruka mtu huyu.

Mbarara yenyewe ina mfano mwingine, wa kimya zaidi. Hospice Africa Uganda ilianzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, na mwaka 1998 ikafungua tawi Mbarara, gari likawafuata wagonjwa wa saratani na UKIMWI majumbani. Tatizo lilikuwa sheria: morfini, dawa ya maumivu makali, iliandikwa na daktari tu, na madaktari walikuwa mjini. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha sheria, muuguzi aliyefuzu kozi ya miezi tisa ya tiba shufaa, yaani ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa mahututi, akaruhusiwa kuiandika mwenyewe. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo.

Tazama inavyofanyika. Dawa ni unga uliochanganywa na maji, ndani ya chupa ya plastiki. Nesi huandika kwenye rejista kiasi alichotoa. Nyumbani humfundisha binti wa mgonjwa kupima, humwambia ampe mzee kila baada ya saa nne na dozi ya wakati wa kulala iwe maradufu, ili wote wapate usingizi. Humpa na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga tumbo. Kisha humwambia binti apime mbele yake. Akikosea, wanaanza upya. Na baada ya siku chache gari linarudi.

Turudi Nakivale. Kambi hii ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi kutoka Rwanda wakiwa wa mwanzo. Wakongo walimiminika baada ya vita vya nchini kwao vya 1996 na 1998, na wengine wameendelea kuvuka hadi leo. Kituo cha afya cha daraja la nne kilichopo Rugaaga kinahudumia eneo hili la Isingiro, na juu yake kuna hospitali ya rufaa ya Mbarara. Miongoni mwa waliovuka wamo wauguzi wa madaraja ya A2 na A1, kama Kongo inavyowapanga. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, lakini cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa sharti kithibitishwe kabla mwenye nacho hajagusa sindano. Wengi huishia kuwa wakalimani au wahudumu wa afya wa vijiji. Naona uchungu hapo: mtu aliyewahi kuendesha wodi anakabidhiwa utepe.

Utepe wenyewe ni wa kupimia mkono wa mtoto, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, alama ya utapiamlo mkali. Mhudumu wa kijiji hupima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, na utepe ukionyesha nyekundu humleta mtoto kituoni. Nesi mzuri humpokea, humkalisha mama, humwita mhudumu asogee. Halafu huuzungushia utepe mkono uleule tena, mhudumu akiangalia.