Kikundi cha watumiaji wa Linux

Kikundi cha watumiaji wa Linux ni mkusanyiko wa watu wanaotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux na programu huria nyingine, ambao hukutana au kuwasiliana ili kusaidiana bila malipo. Hujulikana pia kwa kifupi LUG, kinachotokana na jina lake la Kiingereza. Wanachama huwa wanafunzi, walimu, mafundi, wahandisi wa mitandao, na watu wa kawaida waliopewa kompyuta yenye Linux wakashindwa kuiunganisha na printa. Hata pale malengo ya kikundi yanapotaja mambo makubwa zaidi, kazi yake ya kila siku ni kumjibu mtu ambaye kompyuta yake imegoma.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Kwa kuwa mara nyingi hakuna mwuzaji, hakuna pia ofisi ya kupigia simu mambo yanapoharibika. Yapo makampuni yanayouza msaada kwa mkataba, kama vile Red Hat na Canonical, lakini wateja wao wakubwa ni taasisi na makampuni mengine. Mtu binafsi na shule ya sekondari ya kata hutegemea mtu mwingine anayeijua.

Asili

Desturi ya watumiaji wa kompyuta kusaidiana ni ya zamani kuliko Linux yenyewe. Mwaka 1955 watumiaji wa mashine za IBM katika eneo la Los Angeles, Marekani, waliunda chama kilichoitwa SHARE ili kubadilishana programu na maarifa, wakati ambapo kompyuta moja ilijaza chumba kizima. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo kamili wa programu huria. Tarehe 25 Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alitangaza kwamba anaandika kiini cha mfumo kwa ajili ya kujifurahisha. Mwaka uliofuata kiini hicho kiliwekwa chini ya leseni ya GPL ya mradi wa GNU.

Katika miaka ya 1990 kusakinisha Linux kulikuwa kazi ngumu. Ilibidi mtu ajue aina ya kadi ya picha na idadi ya nyimbo za diski yake, na kosa dogo liliweza kufuta kila kitu. Kwa sababu hiyo vikundi vilianza kuandaa siku za usakinishaji: watu walibeba kompyuta zao hadi ukumbini, na wazoefu wakakaa nao mpaka mashine iwake. Tangu mwaka 2004 huadhimishwa pia Siku ya Uhuru wa Programu, kwa kawaida Jumamosi ya tatu ya Septemba, na vikundi vingi huitumia kwa kazi hiyohiyo.

Namna ya kutatua tatizo

Msaidizi mzoefu haanzi kwa kutoa jibu. Huuliza kwanza ni toleo gani la Linux, kompyuta ni ya aina gani, mwenyewe alikuwa akifanya nini kabla ya tatizo, na kioo kimeandika maneno gani hasa. Mtu anayesema tu kwamba kompyuta "imekataa" ni sawa na mwanafunzi anayefika zahanati akasema anaumwa bila kusema wapi. Mwaka 2001 Eric S. Raymond alitoa mwongozo mrefu kuhusu namna ya kuuliza maswali ya kitaalamu, na vikundi vingi huwaelekeza wageni huko. Mwongozo huo una ushauri mzuri, lakini lugha yake ni kali, na wapo waliouchukua kama ruhusa ya kuwafokea wanaoanza. Mgeni aliyefokewa mara moja kwa kawaida harudi tena.

Baada ya maswali huja uchunguzi. Amri lspci huonyesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta, df -h huonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, na journalctl -b husoma kumbukumbu za mfumo tangu ulipowashwa. Diski iliyojaa pomoni ni chanzo cha matatizo mengi kuliko wengi wanavyodhani: mtumiaji huandika nenosiri sahihi, kioo humeta, kisha humrudisha palepale pa kuandika nenosiri.

Baadhi ya matatizo hujirudia sana kwenye kompyuta kuukuu zinazoletwa Afrika kutoka Ulaya. Mfano mzuri ni betri ndogo ya duara, aina ya CR2032, iliyoko kwenye ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi. Betri hiyo hutunza saa wakati umeme umezimwa. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa nyuma kabisa. Mtumiaji haoni kosa la saa. Anachoona ni kivinjari kinachokataa kufungua tovuti kikidai si salama, kwa sababu kwa hesabu ya kompyuta hiyo cheti cha tovuti hakijaanza kutumika. Hata kusasisha programu huweza kukwama kwa sababu hiyohiyo. Mifumo mingi hurekebisha saa kupitia intaneti, lakini bando la simu likiwashwa dakika chache tu kosa huweza kubaki. Watu wamewahi kusakinisha upya mfumo mzima kwa tatizo ambalo dawa yake ni betri ya bei ndogo inayouzwa dukani.

Tatizo la pili ni umeme kukatika ghafla. Linux nyingi hutumia mfumo wa faili wa ext4, ambao huandika mabadiliko kwenye daftari lake kabla ya kuyatekeleza, hivyo mara nyingi hujirekebisha wenyewe unapowaka. Diski iliyochoka haina bahati hiyo: kompyuta huishia kwenye kioo cheusi chenye neno initramfs. Amri fsck, ikifuatiwa na jina la sehemu ya diski, huirudisha mara nyingi. Lakini kabla ya kuiandika, msaidizi mwangalifu huuliza kama ndani yake kuna kazi ambayo haijanakiliwa kwingine. Diski inayokaribia kufa huweza kumaliziwa na ukarabati wenyewe, na alama za mtihani wa muhula mzima zikapotea nayo. Njia salama ni kuwasha kompyuta kwa Linux iliyoko kwenye fleshi, kunakili mafaili kwanza, ndipo kutengeneza.

Tatizo la tatu linafanana na la yai na kuku. Kadi za Wi-Fi za aina fulani, hasa za Broadcom, zinahitaji kiendeshi kisichokuja pamoja na mfumo. Ili kukipata unahitaji intaneti, na ili kupata intaneti unahitaji kiendeshi. Dawa yake iko mfukoni: simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa intaneti, Linux huiona kama mtandao wa waya, na kiendeshi hupakuliwa kwa njia hiyo.

Msaada nao una hatari zake. Amri inayotanguliwa na neno sudo hufanya kazi kwa mamlaka yote, na kunakili amri ya namna hiyo bila kuielewa kumewafutia watu diski nzima. Vikundi makini vina desturi kwamba anayetoa amri hueleza kila sehemu yake inafanya nini, na msaidizi haombi nenosiri la mtu. Mwenye kompyuta huliandika mwenyewe.

Afrika Mashariki

Kabla ya nyaya za baharini kufika, shida ya kwanza ilikuwa kuipata Linux yenyewe. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, na kupakua faili la megabaiti 700 linalojaza CD moja kuliweza kula siku nzima na fedha nyingi. Diski zilipita mkono kwa mkono. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004, iliwatumia CD bure kwa njia ya posta wote walioomba, hadi huduma hiyo iliposimamishwa mwaka 2011. Aliyekuwa na sanduku la posta na subira aliweza kuwagawia wenzake.

Mwaka 2003 iliundwa FOSSFA, taasisi ya programu huria kwa Afrika nzima. Mkutano wake uitwao Idlelo ulifanyika Cape Town mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006. Kundi la waendesha mitandao wa Afrika, AfNOG, tangu mwaka 2000 limefundisha wahandisi kuendesha seva kwa mifumo ya jamii ya Unix, na warsha zake zilifika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs huko Nkozi kilikuwa miongoni mwa taasisi za mwanzo za eneo hili kuhamishia kompyuta zake kwenye programu huria. Huko ilionekana kwamba kuwazoesha watumiaji ni kazi kubwa sawa na kutengeneza mashine. Shirika la Camara, lililoanzishwa Ireland mwaka 2005, limepeleka kompyuta zilizokarabatiwa kwenye shule za Tanzania na nchi nyingine za Afrika, nyingi zikiwa na Linux.

Lugha

Mradi wa Kilinux uliendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Desemba 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice zenye maneno ya Kiswahili kwenye menyu zake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwandishi wa barua kukuta programu kubwa ya aina hiyo ikimwambia afungue, ahifadhi na achapishe kwa lugha yake.

Tafsiri ina tabu yake upande wa msaada. Kompyuta ikitoa ujumbe wa kosa kwa Kiswahili, mtu akiutafuta kwenye intaneti hapati lolote, kwa kuwa maelfu waliokutana na kosa hilo waliliandika kwa Kiingereza. Wasaidizi hutumia njia fupi: huandika LC_ALL=C kabla ya amri, na ujumbe hutoka kwa Kiingereza kwa mara hiyo tu. Kisha maelezo hutolewa kwa Kiswahili, na pengine Kisukuma.

Katika miji midogo

Lamadi ni mji mdogo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, pale barabara ya Mwanza hadi Musoma inapokutana na ile ya Bariadi. Linux iko mikononi mwa watu huko kama kwingineko, kwani kila simu ya Android ina kiini chake. Kinachokosekana katika miji ya aina hii ni ukumbi wa chuo kikuu na watu kumi wenye ujuzi wa kukutana kila mwezi. Kikundi huwa mwalimu mmoja wa TEHAMA, fundi wa steshenari, na kijana mmoja au wawili waliomaliza kidato cha sita, walio pamoja kwenye kundi la WhatsApp ambako picha ya kioo na ujumbe wa sauti hutangulia maelezo marefu.

Udhaifu wa kikundi kidogo ni kutegemea mtu mmoja. Mwalimu anayejua akipata uhamisho, nenosiri la maabara huondoka naye. Ndani ya muhula mmoja kompyuta hufungiwa stoo, au huwekewa Windows isiyo na leseni pamoja na virusi vya fleshi vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati. Kinga ya jambo hili ni ya kizamani. Daftari la karatasi hutunzwa maabara, likiandikwa tarehe, namba ya kompyuta, tatizo na dawa iliyofaa. Nenosiri hukaa kwenye bahasha kwa mkuu wa shule. Na kila mwaka wanafunzi wawili wa kidato cha pili hufundishwa ili wabaki miaka miwili baada ya wakubwa kuondoka. Diski ya nje yenye nakala ya ghala la programu za Debian au Ubuntu huwezesha usakinishaji bila bando.

Fundi asiachwe nje. Riziki yake hutokana na kuweka mifumo kwenye kompyuta za watu, na mtu anayefanya kazi hiyo bure humnyang'anya mteja. Uhuru wa programu hauna maana ya kazi ya bure: leseni ya GPL inaruhusu wazi kutoza malipo. Mpangilio unaodumu ni ule ambao ushauri hutolewa bure, nauli ya msaidizi hulipwa na anayemwita, na vipuri na kazi ya bisibisi hubaki kwa fundi.

Kompyuta kuukuu sasa zina swali jipya. Ubuntu iliacha kutoa diski za usakinishaji za mezani kwa kompyuta za biti 32 mwaka 2017. Debian 12 ya mwaka 2023 bado ilikuwa nazo, lakini Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina. Amri lscpu huonyesha kama kichakato kinaweza kutumia biti 64. Mashine nyingi zilizotengenezwa baada ya mwaka 2008 zinaweza, hata kama zilifika na mfumo wa biti 32.