Upawa wa Hamada, Ukaidi wa Kawai

Hamada Shoji (1894–1978) na Kawai Kanjiro (1890–1966) walisoma chuo kimoja cha ufundi mjini Tokyo, kisha wakafanya kazi pamoja katika kituo cha majaribio ya kauri, Kyoto. Mwaka 1920 Hamada aliandamana na mfinyanzi Bernard Leach hadi St Ives, Uingereza, wakajenga huko tanuri la Kijapani, lile la vyumba vinavyopandiana kama ngazi. Aliporudi alihamia Mashiko, mji mdogo wa wafinyanzi wa vyombo vya jikoni, akatumia udongo wa hapohapo. Tangu hapo hakutia sahihi vyombo vyake.

Itazame vizuri michirizi ya sahani zake. Aliimwaga glezi, ule uji unaogeuka kioo tanurini, kwa upawa, mara moja tu, bila kurudia. Alipoulizwa mbona kazi yenyewe ni ya sekunde chache, alijibu kuwa juu ya sekunde hizo waongeze miaka 60 ya mazoezi.

Kawai alianza kwa kufuata kauri za kale za China na Korea. Alisifiwa mno, na sifa zikiwa bado moto akaiacha njia hiyo. Vyombo vyake vya baadaye ni vizito, vina pembe na rangi zinazogombana. Ni kazi ya kuthubutu zaidi kuliko ya Hamada. Mwaka 1955 Hamada alitunukiwa cheo cha Hazina Hai ya Taifa la Japani. Kawai alikikataa.

Mfinyanzi Yagi Kazuo, mwana wa Kyoto, alikwenda mbali zaidi, akakiacha chombo chenyewe: “Matembezi ya Bwana Samsa” (1954) ni pete ya udongo iliyoota vijibomba, na haina pa kutia maji.