Nafaka na Maziwa: Asili ya Chakula cha Wairaqw

Mapishi ya Wairaqw wa Qurus, wilayani Karatu, ambao majirani huwaita Wambulu, yana mizizi Irqwar Da'aw, katika nyanda za juu za Mbulu, ambako wazee wao, wasemaji wa lugha ya jamii ya Kikushi, walirutubisha miteremko kwa samadi ya ng'ombe waliolazwa ndani ya nyumba. Shamba na mfugo vilitegemeana, na ndiyo maana ugali na maziwa havitengani mezani pao. Mtama na ulezi ndizo nafaka za kale, zilizotoa pia buura, yaani pombe inayonywewa kwa pamoja; mahindi, yenye asili ya Amerika, yalikuja baadaye, yakapikwa na maharage kuwa makande. Katika karne ya 20 familia nyingi zilihamia Karatu, ambako chakula kilipata ngano, na vitunguu vinavyomwagiliwa kwa chemchemi za Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi.