Boti la Shule na Meli Victoria

Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Viktoria tuna desturi ya kuhesabu miaka yetu kwa meli. Mwingine atakuambia alioa mwaka fulani; mimi nitakuambia nilikwenda Chuo cha Ualimu kwa Meli Victoria, Januari 1968, nikiwa na sanduku la mbao, blanketi moja na ndizi za kuchoma alizonifungia mama. Nilipanda daraja la tatu katika bandari ya Bukoba. Sikulala usiku ule. Nilikaa karibu na mlango wa chumba cha mashine nikisikiliza mngurumo wake, na kulipokucha nikaziona majabali ya Mwanza. Nilidhani chombo kile hakiwezi kuzeeka.

Historia yake naijua vizuri, kwa kuwa niliifundisha. Meli ile iliundwa na kampuni ya Yarrow huko Glasgow, Uskoti, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikavushwa bahari hadi Mombasa, ikapakiwa kwenye treni mpaka Kisumu, na huko ikaunganishwa upya. Ilianza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki. Wanafunzi wangu walicheka nilipowaambia kwamba meli imesafiri kwa treni. Lakini ziwa letu halina mlango wa bahari unaoweza kupitisha meli, na vyombo vingi vikubwa vya chuma vilivyoelea humu vimefika kwa vipande namna hiyo. Hata Stanley, aliyelizunguka ziwa hili mwaka 1875, alikuja na mashua yake Lady Alice ikiwa imebebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani. Watu wa kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kimo katika wilaya ya Muleba, waliikamata mashua hiyo na kuivuta nchi kavu. Agosti ya mwaka huohuo akarudi na mitumbwi na bunduki kulipiza kisasi. Wazee wetu walilipa gharama kubwa kwa ajili ya mashua moja.

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali ziligawanyika, na Victoria ikabaki Tanzania. Kutoka hapo ikawa meli yetu watu wa Kagera na Mwanza. Ilibeba kahawa na ndizi, wanafunzi, wagonjwa, maharusi na majeneza. Kila mwaka tulisikia kwamba ina hitilafu, kwamba imetengenezwa, kwamba imeharibika tena. Nasi tulinung'unika: kwa nini hawaitengenezi mara moja wakaimaliza?

Neno hilo la kumaliza ndilo linalonifanya niandike. Mimi mwenyewe niliwahi kutengeneza chombo kikuukuu, na jinsi nilivyotaka kukimaliza sijapata kuieleza popote.

Mwaka 1986 nilikuwa Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi kando ya ziwa upande wa Muleba. Baadhi ya watoto wetu walitoka visiwani, wakivushwa kwa mitumbwi ya kukodi, na dhoruba ikiingia walikaa siku tatu bila kuonekana darasani. Shule ilikuwa na shamba la kahawa, kwa kuwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilitutaka tuzalishe mali. Msimu ule kahawa ilikubali. Ufukweni kulikuwa na boti kukuu lililokuwa la mfanyabiashara mmoja aliyekwisha kufariki. Lilikuwa refu na jembamba, la mbao za mvule, lililoundwa kwa ajili ya mbio. Wavuvi walisimulia kwamba katika siku zake hapakuwa na chombo kilichoweza kulifuata. Sasa kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Kamati ya Shule ikakubali tulinunue.

Nilifungua daftari la mahesabu. Katika ukurasa wa kwanza niliandika: ubao mmoja, misumari, pamba ya kalafati, rangi, na ujira wa fundi wa wiki mbili. Nilipiga mstari chini yake, nikaandika jumla. Hata leo nikiuona mstari ule najicheka.

Fundi wetu alikuwa mzee aliyejifunza kazi kwa baba yake. Alipoubandua ule ubao mmoja tuliouona umeoza, akakuta taruma nyuma yake halishiki msumari. Alipoligusa taruma kwa tezo, la jirani yake likalegea. Mataruma mapya yalihitaji miti iliyopinda yenyewe, na tulitembea siku mbili kuitafuta miti ya omushambya yenye umbo hilo. Ilipopatikana, ikaonekana kwamba mbao za zamani hazikai vizuri juu ya mataruma mapya. Ukurasa wangu mmoja ukawa kurasa kumi na mbili. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Wazazi wakaanza kuuliza, na mjumbe mmoja wa Kamati akasema mbele ya mkutano kwamba Mwalimu Mkuu anajenga safina ya Nuhu kwa kahawa ya watoto.

Maneno yale yaliniuma. Na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Nilikuwa nimewaahidi wazazi wa visiwani kwamba mwaka ule watoto wao watavushwa na boti la shule. Basi fundi aliponiita, akanionyesha sehemu ya nyuma ya mkuku, akachoma kisu kikazama hadi kwenye mpini, nilijua atakalosema kabla hajafungua kinywa.

"Mwalimu waitu, hapa ndipo mashine itafungwa. Nipe mwezi mmoja."

Nikamwambia hatuna mwezi. Nikamwambia azibe, apake lami, kisha rangi.

Akasema, "Mashine yenye nguvu italitikisa. Boti hili lilizoea kukimbia lilipokuwa kijana."

Nikarudia amri yangu. Yule mzee akakusanya vifaa vyake katika gunia, akaniaga kwa adabu, akaenda zake. Kazi ya kuziba niliifanya mwenyewe na vijana wawili, na rangi ya bluu tuliyopaka ilipendeza sana. Wazazi walipiga vigelegele.

Safari ya kwanza ilikwenda salama. Safari ya pili tulikuwa na watoto kumi na mmoja. Upepo ulikuwa mdogo, na nahodha, ambaye alikuwa kijana, akaongeza mwendo ili tuone sifa ya boti lile. Kweli liliruka juu ya maji kama samaki. Kisha nikasikia sauti kama ya kitambaa kinachochanika, na nyayo zangu zikalowa. Mbao za nyuma zilikuwa zimeachana na mkuku. Tulizima mashine, tukateka maji kwa sufuria, kwa ndoo ya uji na kwa mikono, wakubwa wakapiga kasia, na Mungu akajalia tukaingia kwenye mafunjo ambako miguu ilifika chini. Hakuna mtoto aliyekufa. Binti mmoja alipoteza viatu.

Jioni ile nilisimama mbele ya wazazi nikawaambia kwamba wimbi lilitupiga. Wakanishukuru kwa kuwaokoa watoto wao. Yule fundi alikuwapo amekaa nyuma kabisa. Hakusema neno. Jumatatu asubuhi nilimkuta ufukweni ana tezo mkononi.

"Mwalimu waitu," akasema, "sasa tuanze."

Ilituchukua miezi kumi na minne mingine. Tulibadili mkuku wote. Boti lile liliwahudumia watoto kwa miaka mingi, kwa mwendo wa pole, na halikuvuja tena. Lakini uongo wangu ulibaki pale nilipouweka.

Usiku wa tarehe 20 Mei 1996, Meli Bukoba iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imejengwa kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Binamu yangu, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa ndani yake na mikungu ya ndizi za biashara. Alisafiri daraja la tatu, na abiria wa daraja la tatu hawakuandikwa katika orodha, hivyo jina lake halikusomwa popote. Hatukupata mwili. Yapo makaburi ya pamoja Igoma, Mwanza, nami husimama pale nikipita, bila kujua kama ninasimama karibu naye.

Watu wa Kagera waliwalaumu wengi, na sababu walikuwa nazo. Mimi nililaumu pia, lakini usiku, nikiwa peke yangu, niliiona rangi ya bluu. Nilijua jinsi mtu mwenye akili timamu, asiyemtakia mtu mabaya, anavyoweza kuona hatari kwa macho yake na kusema: twende tu, mara hii moja.

Victoria iliendelea kutuvusha hadi mwaka 2014 iliposimama. Tarehe 3 Septemba 2018 mikataba ilitiwa saini Mwanza, mbele ya Rais Magufuli, na kampuni za Korea Kusini. Matengenezo ya Victoria peke yake yalitajwa kuwa takriban shilingi bilioni 22.7. Kijiweni kwetu watu walishangaa: kwa meli ya mwaka 1961? Na siku hiyohiyo ulisainiwa mkataba wa kujenga chelezo kipya, mahali pa kupandishia meli nchi kavu, na mwingine wa kuikarabati Meli Butiama, na mwingine wa kujenga meli mpya kubwa. Jirani yangu akasema, "Mzee, ukitaka kushona kifungo, unanunua cherehani?" Nilicheka, kisha nikakumbuka ukurasa wangu wa kwanza na mstari wake. Meli haitengenezwi ikiwa majini. Na huwezi kuifunga mashine mpya juu ya nyaya na mabomba ya miaka hamsini.

Si ziwa letu tu lenye habari hizi. Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa na Wajerumani, ilizamishwa na wenyewe mwaka 1916, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927. Miaka mitatu ya kazi baada ya kuielea juu ya maji! Na bado, karibu miaka mia baadaye, mwaka 2023 ukasainiwa mkataba mwingine wa kuikarabati.

Victoria ilirudi Bukoba Agosti 2020. Nilikuwa na miaka sabini na moja. Nilikata tiketi miezi michache baadaye, ingawa wanangu walitaka nipande basi. Meli ilipofika Kemondo, akapanda mama mmoja mwenye biashara yake, akanitazama, akaja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni yule uliyemnunulia viatu."

Nikamwitikia. Tulikaa pamoja mpaka taa za pwani zikapotea. Ndipo nikamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote: kwamba lile halikuwa wimbi, kwamba fundi alinionya, na kwamba niliona haya kuomba mwezi mmoja zaidi.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, tulijua. Sisi watoto tulikuwa nyuma. Tuliyaona maji kabla yako, lakini tuliogopa kukuambia kwa sababu ulikuwa umefurahi sana."

Sikuwa na jibu. Tangu Juni 2025 liko daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, na wanangu husema sasa hakuna haja ya kwenda Mwanza kwa meli. Mimi bado napanda Victoria. Nikiingia huuliza kwanza yalipo maboya ya kujiokolea, kisha hushuka kukaa karibu na chumba cha mashine, na kijana wa zamu akipita humuuliza wana nini cha kutengeneza safari hii. Hadi leo hakuna aliyewahi kunijibu kwamba hakuna.