Kipindupindu na Maji ya Chumvi

Aandikaye historia ya maradhi hupenda kupima vifo kwa ukali wa ugonjwa. Kwa kipindupindu, ambacho pwani kimeitwa pia waba, kipimo hicho hakitoshi.

Mwaka 1869 ugonjwa huu ulishuka kutoka bara hadi Pangani, kisha ukavuka hadi Unguja. Dakta James Christie, aliyekuwa tabibu huko, alifuatia nyayo zake katika njia za misafara, akapiga chapa kitabu chake mwaka 1876. Njia yake aliijua. Tiba ya hakika haikuwapo. Mgonjwa hufa kwa kutokwa na maji na chumvi za mwili kwa muda wa saa chache, na katika wenye ugonjwa mkali wasiotibiwa, nusu yao waweza kufa.

Baadaye matabibu walijifunza kurudisha maji hayo kwa kuyatia mishipani. Lakini kazi hiyo yataka sindano, maji safi na mikono iliyofundishwa, navyo ni haba penye msiba. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Dhaka na Calcutta walihakikisha kwamba sukari huliwezesha tumbo kupokea chumvi na maji. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowafukuza watu hadi India, maji ya mishipani yalipungua katika kambi ya Bangaon. Dakta Dilip Mahalanabis akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari, wakisaidiwa na jamaa zao wenyewe. Vifo, vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya 4.

Je, elimu hiyo ilimaliza mambo? Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda walimiminika Goma, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Ardhi ni mawe ya volkano. Vyoo havikuchimbika, na maji ya kunywa yalitekwa ziwani. Katika mwezi mmoja walikufa watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Dawa ya Bangaon ilikwisha kujulikana kwa miaka 23.

Kweli, vifo vya watoto wachanga na wadogo kwa kuhara kwa kila namna, vilivyohesabiwa kwa mamilioni kila mwaka katika miaka ya 1980, sasa ni chini ya 500,000. Hata hivyo Goma yatuonya tusiuandike mshuko huo kama kwamba ulikuja wenyewe. Dawa iliyokwisha kuvumbuliwa haimponyi mtu mpaka imfikie, na maji safi pamoja nayo.